Injini ya Mashine ya Kusaga Ikikwama, Tusiilazimishe



Katika somo la leo tutazungumza juu ya injini ya mashine ya kusaga nafaka. Vijiji vingi vina mashine hizi. Nyingine ni mali ya kijiji, nyingine ni za vikundi vya akina mama, nyingine ni za watu binafsi. Kila mwenye mashine anaijua ile asubuhi mbaya. Akina mama wamekwisha panga ndoo zao mlangoni. Mwendeshaji anashika hendeli ili awashe, na hendeli haiendi. Injini imegoma kabisa. Hapo mtu husema neno moja: "Imenoki!"

Neno hilo linatisha, kwa sababu linataka fedha. Mashine ikisimama, akina mama hurudi kwenye kinu na mchi, au hujitwika debe la mahindi mpaka kijiji cha pili. Kamati huitisha mchango. Fundi huitwa kutoka mjini, naye hutaka nauli kabla hajaona kitu chochote.

Lakini siyo kila injini iliyokwama imekufa. Zipo injini ambazo zilikwama kidogo tu, halafu zikauawa na nguvu za watu. Mwendeshaji anaona hendeli haiendi, anaita vijana wanne. Wanachomeka bomba refu kwenye hendeli, wanavuta kwa pamoja. Kitu kinalia ndani: kaa! Kumbe kilichozuia ni maji ya mvua tu, kiasi cha vikombe viwili. Sasa maji yapo bado, na mkono wa pistoni umepinda. Kazi ya spana moja imekuwa kazi ya kununua vyuma vipya.

Ndiyo maana leo tunajifunza jinsi ya kuichunguza injini iliyokwama kabla ya kuivuta.

TUITAZAME INJINI NDANI

Ndani ya injini kuna silinda. Silinda ni kama kinu cha chuma chenye tundu la mviringo. Ndani yake inapanda na kushuka pistoni, ambayo ni kama mchi. Ila mchi wa kinu una nafasi ya kuchezacheza, na pistoni haina. Ushike ukurasa mmoja wa gazeti hili kwa vidole viwili. Nafasi iliyopo kati ya pistoni na silinda inakaribia unene wa karatasi. Katika nafasi hiyo ndogo ndimo oili inamopita. Oili ikikosekana, chuma kinasugua chuma.

Pistoni imevishwa ringi ili hewa isivuje. Chini imeshikwa na mkono wa pistoni, na mkono huo umeshika krenki. Krenki ndiyo inayozungusha lile gurudumu zito la nje.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama pikipiki. Pistoni inapopanda inaishindilia hewa mpaka inakuwa ya moto sana, zaidi ya digrii 500 za Sentigredi. Kisha nozo inapuliza dizeli kidogo ndani ya hewa hiyo, nayo inawaka yenyewe. Aliyebuni injini ya namna hii ni Mjerumani, Rudolf Diesel, na injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilionyeshwa mwaka 1897. Jina la dizeli linatokana na jina lake.

Vijijini tunakutana na aina mbili kuliko nyingine. Moja ni ile ya kusimama, yenye magurudumu mawili makubwa, inayozunguka polepole na kusikika kutoka mbali: tu, tu, tu. Injini hizi zilianza kutengenezwa na kampuni ya Lister katika mji wa Dursley, Uingereza. Ile ya nguvu za farasi 6 huzunguka mara 650 tu kwa dakika. Baadaye viwanda vya India, hasa katika mji wa Rajkot, viliiga umbo hilo, na nyingi tunazoziona zimetoka huko. Aina ya pili ni ya kulala, kutoka China, yenye sanduku la maji juu yake. Ile inayoitwa S195 ina nguvu za farasi 12, na huzunguka mara 2,000 kwa dakika. Namba 95 inaonyesha upana wa pistoni kwa milimita.

KWANZA TUVUE MKANDA

Injini imegoma. Tusishike hendeli. Kitu cha kwanza ni kuvua mkanda unaounganisha injini na sehemu ya kusagia.

Kwa nini? Kwa sababu pengine injini ni nzima. Pengine msumari umeingia pamoja na mahindi, ukakaa kati ya nyundo na chekeche. Au unga mbichi umeganda humo tangu jana. Au beringi ya sehemu ya kusagia imekufa. Mkanda ukivuliwa, jaribu kuzungusha kila upande peke yake. Ikiwa injini inakwenda na sehemu ya kusagia haiendi, basi ugonjwa hauko kwenye injini. Tunajua mashine zilizofunguliwa injini nzima, nati kwa nati, na kosa lilikuwa msumari.

Kama injini yenyewe ndiyo imekwama, fungua kile kijiti cha juu kinachofungua valvu, kile tunachokitumia kila siku ili injini iwe nyepesi wakati wa kuwasha. Funga dizeli. Sasa shika gurudumu kwa mikono miwili, siyo kwa hendeli. Hendeli inakupa nguvu nyingi mno, na hutasikia injini inakuambia nini. Mikono inasikia. Sukuma kidogo mbele, vuta kidogo nyuma.

Hapo kuna majibu matatu, na kila jibu lina dawa yake.

MAJI HAYASHINDILIKI

Jibu la kwanza: gurudumu linakwenda vizuri, halafu linagonga mahali na kusimama. Ukilirudisha nyuma linarudi vizuri, mpaka linagonga tena upande wa pili. Hii ni dalili kwamba kuna kitu juu ya pistoni. Mara nyingi ni maji.

Hewa hushindilika, maji hayashindiliki. Chukua chupa ya plastiki tupu, uifunge kizibo na kuibana. Inabonyea. Ijaze maji mpaka juu, uifunge, uibane tena. Inakataa. Pistoni inapokutana na maji nayo inakataa namna hiyo hiyo. Ukilazimisha, kitakachopinda ni mkono wa pistoni.

Maji yanaingiaje? Njia ya kwanza ni bomba la moshi lililoelekea juu bila kofia. Mvua ya usiku mmoja inatosha. Kopo tupu la maziwa linaweza kuwa kofia nzuri, mradi mwendeshaji akumbuke kulitoa kabla ya kuwasha. Njia ya pili ni gasketi ya hedi iliyoungua, ambayo inapitisha maji ya kupoza injini.

Dawa yake: futa vumbi lote kuzunguka nozo, kwa sababu chembe ya mchanga ikiingia itakwaruza silinda. Fungua nozo, uitoe, uifunge ndani ya kitambaa safi. Mtu yeyote asisimame mbele ya tundu hilo. Zungusha gurudumu polepole. Maji yatatoka kwa kuruka. Endelea mpaka yakome.

Kazi haijaisha. Tunataka kujua kama maji yamefika kwenye oili. Iache injini itulie usiku mzima. Asubuhi legeza kidogo nati ya kumwagia oili iliyo chini. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwemo yatatangulia kutoka. Kama oili ni nyeupe kama maziwa au chai ya maziwa, hiyo imechanganyika na maji. Imwage yote. Usiseme ni hasara, eti uichuje na kuirudisha. Oili yenye maji haishiki chuma.

KUTU INATAKA SUBIRA

Jibu la pili: gurudumu haliendi hata kidogo, na injini ilikuwa imekaa bila kazi kwa miezi. Labda hapakuwa na fedha ya dizeli, au mavuno yalikuwa mabaya. Hapa tunashuku kutu. Ringi zimeshikana na silinda.

Toa nozo kama tulivyosema. Changanya mafuta ya taa na oili, nusu kwa nusu. Mimina kikombe kimoja cha chai katika tundu, na uache. Usiguse kitu siku hiyo. Siku ya pili watu wawili washike gurudumu, walisukume kidogo mbele na nyuma. Lisipokwenda, ongeza mafuta kidogo, mwache tena. Siku ya tatu vivyo hivyo. Likisogea upana wa kidole, msishangilie na kusukuma mpaka mwisho. Lirudisheni lilikotoka, kisha mbele tena, kisha nyuma. Kila mara litaongeza kidogo. Mafuta yanaingia pale kutu inapoachia.

Kwa injini ya kulala njia hii haifai sana. Silinda yake imelala, kwa hiyo mafuta yanalowesha upande wa chini tu. Ni afadhali fundi afungue hedi, apake mafuta pande zote.

Injini ikiachia, tusiiwashe papo hapo. Yale mafuta ya taa yamevuja mpaka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Mwaga oili ya zamani, tia mpya. Zungusha kwa mkono mizunguko 30 huku valvu ikiwa wazi na nozo ikiwa nje, ili mafuta yaliyobaki yatoke na oili mpya ipande. Ndipo nozo irudishwe.

Na tafadhali, tusivute injini yenye kutu kwa trekta. Tusipige pistoni kwa nyundo. Chuma cha pistoni ni laini kuliko tunavyodhani.

ILIPOZIMIKA ILIKUWA YA MOTO

Jibu la tatu ndilo baya zaidi. Injini ilikuwa inasaga, sauti ikabadilika, ikawa nzito kama mtu anayepanda mlima na mzigo, halafu ikazimika yenyewe. Ukigusa karibu na silinda, joto lake si la kawaida.

Hapa pistoni imepanuka kwa joto mpaka ile nafasi ya karatasi imekwisha. Imekumbatiwa na silinda. Kosa linalofanywa na wengi ni kukimbilia ndoo ya maji baridi. Jamani, tusifanye hivyo! Chuma chenye joto kali kikimwagiwa maji baridi kinapasuka. Sufuria ya udongo iliyotoka motoni tunaijua, na chuma cha hedi ni vivyo hivyo. Tusifungue nozo wala kuongeza maji. Tuiache ipoe yenyewe, hata kama ni mpaka kesho. Ikipoa, pistoni husinyaa, na mara nyingine gurudumu huachia lenyewe.

Likiachia, kwanza tutafute sababu. Sababu ni mbili kubwa: maji au oili.

Upande wa maji kuna jambo ambalo waendeshaji wengi hawalijui. Injini ya kusimama mara nyingi hupozwa kwa pipa la maji. Hakuna pampu. Maji ya moto hupanda yenyewe kwa bomba la juu na kuingia pipani, na maji ya baridi hushuka kwa bomba la chini kurudi kwenye injini. Mzunguko huo unategemea bomba la juu liwe limefunikwa na maji. Maji ya pipa yakishuka chini ya mdomo wa bomba hilo, mzunguko unakatika. Mwendeshaji anachungulia, anaona pipa limejaa nusu, anasema maji yapo. Yapo, ndiyo, lakini hayatembei. Ndani ya injini yanachemka na kwisha. Kwa hiyo chora mstari wa rangi kwenye pipa, juu kidogo ya bomba la juu. Maji yasishuke chini ya mstari huo hata siku moja.

Kwa injini ya kulala maji yanachemka katika sanduku na kupotea kwa mvuke, ndivyo ilivyoundwa. Kuna kijiti chenye kichwa chekundu kinachoelea. Kikishuka, ongeza maji. Usingoje sanduku likauke.

Upande wa oili, pima kwa kile kijiti cha kipimo. Kama hakuna oili, au mnakumbuka kwamba kabla ya kuzimika injini ilikuwa inagonga ko, ko, ko, basi pengine beringi za krenki zimeungua. Mwaga oili kidogo kwenye sahani nyeupe, uitazame juani. Ukiona vumbi linalometameta, hicho ni chuma cha beringi. Hapa mafuta ya taa hayasaidii. Hii ni kazi ya fundi, na injini isizungushwe tena mpaka afike.

INAZUNGUKA LAKINI HAIWAKI

Hiyo haijanoki, ingawa watu husema hivyo. Tazama kwanza tangi na koki. Mnacheka, lakini koki iliyofungwa imekwisha leta mafundi kutoka mbali. Kama dizeli iliisha kabisa siku iliyopita, bomba limeingia hewa. Legeza nati ya bomba karibu na pampu, acha dizeli itiririke mpaka mapovu yaishe, kaza. Chujio likiwa limeziba, badilisha.

Halafu funga valvu na zungusha polepole kwa gurudumu. Injini nzima hukataa na kukurudisha nyuma kama chemchemi ya kitanda. Isipokataa, hewa inavuja kwenye valvu, ringi au gasketi, na haiwezi kuwaka hata ukizungusha kutwa.

Hadhari mbili. Unaposhika hendeli, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudi nyuma ghafla, hendeli itateleza mkononi. Gumba likizungushwa upande wa pili, litavunjika. Na usijaribu nozo kwa kuweka kiganja mbele yake. Dizeli inatoka kwa nguvu za kutoboa ngozi. Tundu linaweza kuwa dogo kama la sindano, na siku ya kwanza lisiume sana, lakini dizeli ndani ya nyama inaozesha mkono. Mtu aliyetobolewa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na amweleze daktari kwamba ni dizeli.

DAFTARI LA INJINI

Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tunaweza kuisaidia mashine kwa daftari moja na kalamu. Kila siku mwendeshaji aandike hivi:

Jumatatu. Kuwasha: saa 2.00 asubuhi. Kuzima: saa 7.00 mchana. Saa za kazi: 5. Oili: imeongezwa nusu kikombe. Maji: mpaka mstari. Moshi: mweusi kidogo.

Daftari hilo linasema mengi. Kama wiki hii mnaongeza nusu kikombe cha oili kwa siku, na mwezi ujao kikombe kizima, oili hiyo inakwenda wapi? Tazama chini ya injini kama inavuja. Kama haivuji na moshi ni wa bluu, inaungua ndani, na ringi zimechoka. Moshi mweusi unaonyesha mzigo umezidi au chujio la hewa limejaa unga. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata joto unaonyesha dizeli haiungui yote, au maji yameingia.

Daftari pia linasema lini tumwage oili. Kitabu cha injini hutaja saa. Tuchukue mfano wa saa 100. Mashine inafanya kazi saa 5 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Saa 100 gawanya kwa 5 ni siku 20 za kazi, yaani wiki 3 na siku 2. Bila daftari, nani atakumbuka?

BARUA KWA FUNDI

Fundi akiitwa kwa maneno ya mdomo, huja na spana tu, kisha hurudi mjini kununua kifaa, na nauli hulipwa mara mbili. Aandikiwe barua. Huu ni mfano:

"Ndugu Fundi, salamu. Injini yetu ni ya kulala, aina ya S195. Ilizimika yenyewe Jumanne saa 5 asubuhi ikiwa ya moto. Oili ilikuwepo. Maji yalikuwa yamepungua, ingawa tuliyajaza asubuhi. Tuliiacha ikapoa. Tumevua mkanda, sehemu ya kusagia inazunguka vizuri. Gurudumu la injini lilikuwa linagonga na kusimama. Tulitoa nozo, yakatoka maji. Sasa linazunguka. Oili ni nyeupe. Hatujailazimisha wala kuiwasha. Tunafikiri ni gasketi ya hedi. Tafadhali njoo nayo, pamoja na oili. Wako, Katibu wa Kamati ya Mashine."

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini tunavua mkanda kabla ya kuigusa injini?

2. Pipa la maji limejaa nusu, na injini imezimika kwa joto. Elezeni sababu.

3. Mashine inafanya kazi saa 4 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Oili humwagwa kila baada ya saa 100. Itamwagwa baada ya wiki ngapi?

4. Katika barua ya hapo juu, maneno gani yanamwonyesha fundi kwamba maji yamefika kwenye oili?

5. Andikeni barua kama hiyo juu ya injini ya kijiji chenu, kama kwamba imekwama leo. Mkikuta hamjui aina ya injini yenu, mmoja wenu aende akasome kibati kilichopigiliwa ubavuni mwake.